Unga wa Kolajeni na Makunyanzi: Ushahidi Umefikia Wapi

Chemsha kongoro la ng'ombe kwa moto mdogo kwa muda wa saa tano, kisha iache supu ipoe usiku kucha. Asubuhi utaikuta imeganda, inatikisika ndani ya sufuria kama jeli. Kilichoigandisha ni kolajeni ya kano na ngozi ya mguu ule, ambayo moto umeifumua ikawa jelatini. Unga wa kolajeni unaouzwa kwenye makopo na pakiti kwa ahadi ya kurudisha ngozi ya ujana unaanzia hapohapo: ngozi za ng'ombe na nguruwe, ngozi na magamba ya samaki. Kiwandani malighafi hiyo hugeuzwa jelatini, vimeng'enya huikatakata, maji hukaushwa, na unaobaki ni unga mweupe wenye harufu hafifu. Vipande hivyo vilivyokatwa ndivyo peptidi za kolajeni.

Je, vinapunguza makunyanzi? Swali hilo lina ngazi tatu, na matangazo huruka moja kwa moja hadi ya mwisho. Kwanza, kinachomezwa kinafika kwenye damu? Pili, kikifika, seli za ngozi zina namna ya kukitambua? Tatu, ukiwaweka pamoja aliyekunywa na ambaye hakunywa, ngozi zao zinatofautiana? Ngazi ya kwanza imethibitika vizuri. Ya pili ina dalili nzuri lakini za maabara. Ya tatu ndiyo yenye mgogoro, na ndiyo pekee inayomhusu anayetoa pesa yake.

Tuanze na ukubwa, maana ndio unaoeleza mambo mengi yanayofuata. Molekuli nzima ya kolajeni ina uzito wa daltoni 300,000 hivi (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Ni minyororo mitatu, kila mmoja una asidi amino (vijenzi vidogo vya protini) zipatazo 1,000, imesokotwa pamoja kama kamba ya katani. Joto huifumua kamba hiyo, lakini minyororo ya jelatini bado ni mirefu, hivyo ikipoa hujaribu kusokotana tena, hunasa maji katikati yake, na supu inaganda. Peptidi za kopo kwa kawaida zina daltoni 2,000 hadi 5,000. Ni fupi mno kusokotana, ndiyo maana unga wake huyeyuka hata kwenye maji baridi na haugandi kamwe.

Tofauti hiyo inakupa kipimo cha nyumbani. Pima gramu 5 za unga kwa mizani ya jikoni, zikoroge kwenye mililita 100 za maji ya moto, weka kwenye friji hadi kesho. Ikiganda, umeuziwa jelatini ya kawaida, ambayo ni rahisi zaidi. Ikibaki maji, imekatwa kama lebo inavyodai. Dondosha pia tone la tincha ya aidini kwenye kikombe kingine cha unga uliokorogwa na kupoa: rangi ikigeuka buluu nzito au nyeusi, kuna wanga humo. Vipimo hivi viwili havikwambii kama bidhaa ni safi au salama, wala havigundui sukari iliyochanganywa. Vinakamata udanganyifu wa wazi tu.

Kolajeni ya kumeza si matofali

Dhana inayouza zaidi bidhaa hii ni ya matofali. Ngozi imepungukiwa kolajeni, basi kunywa kolajeni, pengo lizibwe. Upungufu wenyewe ni wa kweli. Kolajeni ya ngozi hupungua kadiri umri unavyosonga, na kwa wanawake hushuka kwa takriban asilimia 30 katika miaka mitano ya kwanza baada ya ukomohedhi, kwa sababu homoni ya estrojeni imepungua. Kosa liko kwenye ujenzi.

Mwili haupokei protini nzima kutoka tumboni na kuipachika mahali. Pepsini ya tumbo, kisha vimeng'enya vya kongosho, kisha vile vya ukuta wa utumbo mwembamba, huivunja hadi ikawa asidi amino mojamoja au vipande vya asidi mbili au tatu. Hivyo ndivyo vinavyopita kuingia kwenye damu. Glisini, moja ya asidi amino hizo, iliyotoka kwenye unga wa kolajeni haina alama yoyote inayoitofautisha na glisini ya maharage. Inaweza kwenda kwenye ini, kwenye misuli, kwenye damu, au kuchomwa kama nishati.

Kuna ushahidi mwingine mkali zaidi, na umri wake ni zaidi ya miaka 70. Kolajeni ina asidi amino ambayo protini nyingine hazina kwa wingi, inayoitwa haidroksiprolini. Hiyo haina msimbo kwenye DNA. Seli hutengeneza mnyororo kwa kutumia prolini, asidi amino ya kawaida, kisha kimeng'enya kinachohitaji vitamini C huigeuza prolini ikiwa tayari imo ndani ya mnyororo. Mwaka 1949 mwanabiokemia Marjorie Stetten aliwalisha panya haidroksiprolini iliyotiwa alama ya nitrojeni nzito, akatazama kama itaingia kwenye kolajeni yao. Haikuingia. Kwa maneno mengine, sehemu inayoitambulisha kolajeni kuliko zote ndiyo ambayo mwili hauwezi kuirudisha kwenye ujenzi. Anayekwambia kwamba kolajeni ya samaki inakwenda kujaza kolajeni ya shavu lako anakueleza kitu kilichopimwa zamani kikakataliwa.

Hapo wakosoaji wengi husimama na kuhitimisha kwamba unga huu ni protini ghali na basi. Wanasimama mapema mno. Kifungo kati ya prolini na haidroksiprolini ni kigumu kuvunjwa na vimeng'enya vya mmeng'enyo, kwa hiyo baadhi ya vipande hupita vikiwa viwili viwili. Mwaka 2005 watafiti wa Japani waliwapa watu waliofunga saa 12 gramu 9.4 hadi 23 za kolajeni iliyokatwa, wakachukua damu yao kila baada ya muda. Vipande vyenye haidroksiprolini vilipanda hadi nanomoli 20 hadi 60 kwa kila mililita ya plazima, yaani sehemu ya damu iliyo majimaji, baada ya saa 1 hadi 2, na saa ya 4 vilikuwa vimeshuka hadi nusu. Kilichokuwa kingi zaidi ni kipande cha prolini na haidroksiprolini, chenye uzito wa daltoni 228 tu.

Fanya hesabu ya kiwango hicho. Nanomoli 60 kwa mililita, kwa kipande cha daltoni 228, ni miligramu 14 hivi kwa lita. Mtu mzima ana lita 3 hivi za plazima. Basi kilele chenyewe ni kama miligramu 40 katika damu yote, kutoka kwenye kipimo cha gramu nyingi, na ndani ya saa chache kinapungua. Majaribio mengi ya ngozi yanatumia gramu 2.5 kwa siku, robo hivi ya kipimo cha chini kabisa kilichotumika kwenye utafiti ule wa damu. Kiasi kidogo kinaweza kufanya kazi kubwa kikiwa ni ishara. Homoni hufanya hivyo kila siku. Ila hakiwezi kufanya kazi kikiwa ni malighafi.

Na nadharia inayosimama leo ni hiyo ya ishara. Faibroblasti, seli zinazotengeneza kolajeni kwenye ngozi ya ndani, huishi zikizungukwa na kamba za kolajeni. Ngozi ikijeruhiwa kamba hizo hukatika na vipande vidogo huzagaa. Yawezekana seli husoma vipande hivyo kama habari ya uharibifu na kuanza ukarabati. Peptidi iliyotoka kwenye kopo ingekuwa inaigiza habari hiyo. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kipande kile cha daltoni 228 huzifanya faibroblasti za ngozi ya panya zikue zaidi juu ya jeli ya kolajeni. Mwaka uliofuata, panya waliolishwa peptidi zenye alama ya mionzi walikutwa na mionzi hiyo kwenye ngozi hadi siku ya 14. Hili la mwisho hunukuliwa sana na wauzaji, nalo linahitaji tahadhari. Mashine husoma alama, na alama hubaki ileile hata kama peptidi imevunjika kabisa na atomi zake zimeingia kwenye protini nyingine. Kuiona alama kwenye ngozi hakuonyeshi kwamba peptidi yenyewe ilifika nzima.

Majaribio kwa watu

Majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 2014 na Proksch na wenzake nchini Ujerumani ndiyo yanayotajwa kuliko yote. La kwanza lilikuwa na wanawake 69 wa miaka 35 hadi 55, waliopewa gramu 2.5 au gramu 5 za peptidi au plasebo (kitu cha kulinganishia kisicho na peptidi) kwa wiki 8. Waliotumia peptidi walipata ngozi inayorudi vizuri zaidi ikivutwa. La pili lilikuwa na wanawake 114 wa miaka 45 hadi 65, gramu 2.5 kwa siku, wiki 8 pia. Ujazo wa makunyanzi ya pembeni mwa macho ulipungua kwa wastani wa asilimia 20 ukilinganishwa na plasebo, na majimaji yaliyofyonzwa kwenye ngozi yalionyesha ongezeko la asilimia 65 la prokolajeni ya aina ya kwanza, yaani kitangulizi ambacho seli hukigeuza kolajeni. Bidhaa iliyojaribiwa ni Verisol, ya kampuni ya Gelita ya Ujerumani.

Inafaa kuelewa namba hizo zilipatikanaje. Kupima mnyumbuko wa ngozi, mtaalamu hubandika kwenye mkono kifaa chenye tundu la milimita 2. Pampu hufyonza, ngozi huinuka ndani ya tundu kama kichuguu kidogo, kisha pampu huachia na mwanga hupima ngozi imeshuka kwa kasi gani. Kuna kifaa kingine kinachopima unyevu wa tabaka la juu kwa umeme hafifu. Vyote viwili ni vizuri, lakini ni vyepesi kuhadaika. Mtu aliyepaka losheni asubuhi, aliyetembea juani akafika na jasho, au aliyepimwa wakati wa baridi kavu na kurudiwa wakati wa joto la unyevu, atatoa namba tofauti bila kumeza chochote. Ndiyo maana maabara makini humkalisha mtu dakika 20 au 30 kwenye chumba chenye joto na unyevu uliodhibitiwa kabla ya kumgusa. Na ndiyo maana matokeo ya "kabla na baada" ya kundi moja peke yake hayana thamani. Kundi la plasebo nalo hubadilika.

Hapa kuna kosa linalojirudia katika makala za fani hii. Mwandishi anaonyesha kwamba kundi la kolajeni lilibadilika kwa kiwango chenye maana ya kitakwimu na kundi la plasebo halikufikia kiwango hicho, kisha anatangaza ushindi. Hiyo si hoja halali. Kundi moja likipanda kwa alama 5 na jingine kwa alama 4, la kwanza linaweza kuvuka mstari na la pili likaukosa kwa kidogo, ilhali tofauti kati yao ni alama 1 isiyo na maana. Ukisoma utafiti wa kolajeni, tafuta sentensi inayolinganisha kundi na kundi. Isipokuwepo, uweke kando.

Swali la pili la kuuliza ni plasebo ilikuwa nini. Mara nyingi ni maltodekstrini, yaani wanga uliokatwa. Basi hata tofauti ikipatikana, hatujui kama imeletwa na kolajeni hasa au na gramu kadhaa za protini yoyote. Mlinganisho ambao ungejibu hilo ni kolajeni dhidi ya kiasi kilekile cha protini ya maziwa au ya soya, na huo ni nadra kwenye majaribio ya ngozi.

Kuna na suala la muda, ambalo kwetu ndilo zito kuliko yote. Mwaka 2000 watafiti wa Uholanzi walikadiria nusu-uhai wa kolajeni ya ngozi, yaani muda wa nusu yake kubadilishwa, kuwa miaka 15 hivi. Ile ya gegedu za viungo ni zaidi ya miaka 100. Kwa mwendo huo, katika wiki 8 inayobadilishwa ni takriban asilimia 0.7 ya kolajeni yote ya ngozi. Hata kasi ya utengenezaji ikipanda maradufu, nyongeza ya wiki hizo haifiki asilimia 1. Ongezeko la asilimia 65 la prokolajeni ni la kasi ya bomba. Tangi lenyewe halijajaa kwa asilimia 65. Kwa hiyo kama makunyanzi yalipungua kweli kwa asilimia 20 ndani ya wiki 8, maelezo yenye mantiki zaidi ni kwamba ngozi imeshika maji mengi zaidi. Hilo linaweza kuwa jambo jema, na linaendana na tafiti nyingi ambazo unyevu hupanda. Ila si kujengwa upya kwa ngozi, na hakuna sababu ya kutarajia lidumu mtu akiacha.

Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, iliyoko Parma, Italia, ilishughulikia mwaka 2013 maombi ya kuruhusu dai kwamba Verisol P inaboresha mnyumbuko wa ngozi. Jopo likapitia ushahidi na kuamua kwamba uhusiano wa sababu na matokeo haujathibitishwa. Miaka miwili kabla, lilifikia uamuzi kama huo kuhusu kolajeni iliyokatwa na afya ya viungo.

Baadaye zikaja chambuzi za pamoja, zinazokusanya majaribio mengi na kuyapiga hesabu kama moja. Ya mwaka 2021 ilikusanya tafiti 19 zenye watu 1,125, asilimia 95 wakiwa wanawake, ikaona unyevu, mnyumbuko na makunyanzi vimeboreka kuliko kwa plasebo. Ya mwaka 2023 ilikusanya majaribio 26 yenye watu 1,721 na kusema karibu yaleyale kuhusu unyevu na mnyumbuko. Mtu akisoma hizo mbili atasema kesi imekwisha. Mwaka 2025 Myung na Park wa Korea Kusini walichapisha uchambuzi wa majaribio 23 yenye watu 1,474. Jumla yake ilitoa jibu lilelile zuri. Kisha wakayagawa. Yaliyofadhiliwa na kampuni yalionyesha faida kwenye unyevu, mnyumbuko na makunyanzi. Yasiyofadhiliwa na kampuni hayakuonyesha faida kwa lolote kati ya hayo matatu. Wakayagawa tena kwa ubora, na yale yenye ubora wa juu hayakuonyesha athari yenye maana.

Mgawanyo huo hauthibitishi udanganyifu. Kampuni inayofadhili huchagua kipimo, muda, watu na namba ya kutangaza. Jaribio lililokosa matokeo linaweza kubaki kabatini bila mtu kusema uongo hata neno moja. Pia majaribio huru ni machache, na majaribio machache yanaweza kukosa kuona athari ndogo iliyopo. Tunavyouona ushahidi huu, athari ya kweli ikiwepo ni ndogo na huenda ni ya unyevu zaidi kuliko ya makunyanzi. Anayedai kubwa kuliko hiyo ndiye mwenye mzigo wa kuleta jaribio huru.

Kwa msomaji mwenye ngozi nyeusi kuna pengo jingine. Majaribio haya yamefanywa kwa wingi Japani, Korea, Ujerumani na Ufaransa, na ngozi zetu hazizeeki kwa ratiba ileile. Utafiti wa mwaka 1979 ulikadiria kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi lina kinga ya jua ya 13.4, dhidi ya 3.4 kwa ngozi nyeupe. Makunyanzi membamba huchelewa. Kinachotangulia kuwasumbua wengi ni madoa na rangi isiyolingana. Peptidi za kolajeni hazijaonyeshwa kutibu madoa. Baadhi ya pakiti huchanganya kolajeni na glutathioni kwa ahadi ya kung'arisha ngozi, na hilo ni dai jingine kabisa ambalo majaribio yaliyotajwa hapa hayaligusi. Usikubali ushahidi wa kitu kimoja utumike kuuzia kingine.

Vitu vyenye ushahidi wa nguvu zaidi vipo, na vinatoa kipimo cha kulinganishia. Huko Nambour, Queensland, Australia, watu wazima 903 wenye umri chini ya miaka 55 waligawanywa kwa bahati nasibu mwaka 1992: wengine wapake mafuta ya kukinga jua kila siku, wengine wapake wanavyopenda. Baada ya miaka minne na nusu, waliopaka kila siku walikuwa na uzee wa ngozi pungufu kwa asilimia 24, na hakukuwa na ongezeko linaloonekana tangu mwanzo. Hao nao wengi wao walikuwa wazungu, kwa hiyo kwa ngozi nyeusi faida huenda ikawa ndogo zaidi upande wa makunyanzi. Kwa madoa, kukinga jua ni nusu ya tiba. Tretinoini ya kupaka, dawa ya jamii ya vitamini A, nayo ilipimwa mwaka 1993 kwa kukata vipande vya ngozi iliyoharibiwa na jua: baada ya miezi 10 hadi 12, utengenezaji wa kolajeni ya aina ya kwanza ulikuwa umepanda kwa asilimia 80, ilhali kwa waliopaka krimu tupu ulishuka kwa asilimia 14. Hii ni dawa ya kuandikiwa na daktari, haitumiwi na mjamzito, na kwenye ngozi nyeusi huanza polepole, asilimia 0.025, kiasi cha punje ya njegere usiku, mara mbili au tatu kwa wiki. Ukikimbilia kupaka kila siku ngozi inawaka, na mwasho huo huacha madoa meusi ambayo hukuwa nayo.

Ukiamua kununua

Hesabu gramu kwanza. Majaribio yaliyotoa matokeo mazuri yalitumia zaidi gramu 2.5 hadi 10 kwa siku kwa wiki 8 hadi 12. Chupa ya vidonge 60 vya miligramu 500 ina gramu 30 tu za kolajeni: kwa gramu 2.5 kwa siku utameza vidonge vitano, na chupa itaisha siku ya 12. Kopo la gramu 300 litakupeleka siku 120 kwa kipimo hichohicho. Gawanya bei kwa jumla ya gramu kabla ya kulinganisha bidhaa mbili. Bila hivyo chupa ndogo itaonekana rahisi. Pipi za kutafuna mara nyingi hubeba miligramu mia kadhaa tu kwa kila moja, na zilizobaki ni sukari na jelatini ya kuzishikilia.

Krimu yenye kolajeni ni suala la fizikia. Molekuli zinazozidi daltoni 500 hivi hupenya ngozi nzima kwa shida kubwa, na kolajeni kamili ina 300,000. Itakaa juu na kushika maji, kama mafuta mengine mazuri ya kulainisha.

Unga haudhuriki kwa chai ya moto. Umeshachemshwa kiwandani na kukatwa. Hakuna umbo lililobaki la kuharibiwa. Vitamini C inayoongezwa kwenye pakiti ni sahihi kwa nadharia, kwa kuwa kimeng'enya cha kolajeni hakifanyi kazi bila hiyo, lakini haina haja ya kulipiwa. Pera moja la wastani linatosheleza mahitaji ya siku nzima.

Usiutumie kama protini ya mlo. Kolajeni haina triptofani kabisa, kwa hiyo kwenye mizani ya ubora wa protini hupata sifuri. Utafiti wa mwaka 2020 kwa wanawake wazee ulikuta protini ya maziwa inaamsha ujenzi wa misuli na kolajeni haiuamshi inavyotakiwa. Mama mzee anayekula kidogo, ambaye watoto wake wamemnunulia kopo badala ya mayai na maziwa, amepunjwa.

Lebo isome upande wa chanzo. "Bovine" ni ng'ombe, "marine" ni samaki, "porcine" ni nguruwe. Isipotaja chanzo na wewe ni Mwislamu, au una mzio wa samaki, iache dukani. Baada ya kukatwa, hakuna jicho wala ulimi unaoweza kutofautisha. Ng'ombe peke yake haitoshi kuwa halali bila cheti cha uchinjaji.

Ili ujue kama inakusaidia wewe, badilisha kitu kimoja tu. Ukianza kolajeni, mafuta mapya na maji mengi wiki moja, hutajua kilichofanya kazi. Piga picha siku ya kwanza saa moja asubuhi, dirisha lilelile, umbali uleule, bila mafuta wala kichujio cha simu, uso umetulia bila kutabasamu. Rudia baada ya wiki 12. Mpe mtu asiyejua ipi ni ya kwanza azipange. Akishindwa, usinunue kopo la pili.

Kuhusu supu ya kongoro, jelatini yake nayo humeng'enywa na kutoa haidroksiprolini kwenye damu. Majaribio ya ngozi yalifanywa kwa unga, si kwa supu, kwa hiyo hatuwezi kuipa sifa ambayo hata unga haujaipata. Ni chakula kizuri kwa haki yake, ukiondoa mafuta yanayoelea juu.

Peptidi za sindano zinazouzwa mtandaoni kwa ajili ya kurefusha ujana, kama epitalon na BPC-157, zisichanganywe na habari hii. Ushahidi wake ni wa panya na seli kwa sehemu kubwa, na mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiweka BPC-157 kwenye kundi la vitu vyenye mashaka makubwa ya usalama kwa maduka yanayochanganya dawa. Kichupa kilichoandikwa "kwa utafiti tu" hakikutengenezwa kuingia mwilini mwa mtu.

Madhara ya unga wa kolajeni wenyewe ni machache: tumbo kujaa, kichefuchefu, ladha ya samaki kubaki mdomoni. Ila kundi moja linapaswa kuangalia zaidi ya hapo. Mwili huvunja haidroksiprolini na sehemu yake hugeuka oksaleti, chumvi inayotengeneza mawe mengi ya figo. Katika utafiti wa mwaka 2006, gramu 30 za jelatini zilipandisha oksaleti ya mkojo kwa asilimia 42 kulinganisha na kiasi hichohicho cha protini ya maziwa. Gramu 2.5 kwa siku ni kidogo kuliko hapo, lakini wapo wanaochota vijiko vikubwa asubuhi na jioni wakiamini kwamba zaidi ni bora. Aliyewahi kutoa jiwe la figo, au ambaye daktari amempunguzia protini kwa sababu ya figo, amwonyeshe daktari wake lebo kabla ya kufungua kopo.